Nimeandika maneno nane kati ya kumi na mawili

BARUA

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Ninauza viatu vya jumla Kariakoo. Mzigo nautoa Guangzhou, na mwaka wote huu wakala wangu wa kule namlipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata bei ya dola, kupitia mtandao wa Tron. Pochi, yaani programu ya kutunzia sarafu hizo, ipo kwenye simu yangu, ina USDT 2,140 na TRX sita hivi, sarafu ya Tron yenyewe ya kulipia makato.

Wiki iliyopita niliona jambo la ajabu kwenye orodha ya miamala. Eti nimetuma USDT 0 kwenda anwani ambayo mwanzo na mwisho wake ni kama ya wakala wangu. Sikutuma chochote. Nikauliza kwenye grupu la Telegram. Hazikupita dakika tano, mtu akanifuata inboksi, picha yake ni nembo ya pochi ninayotumia, akajitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja. Akasema pochi yangu haijahakikiwa, nifungue linki niihakiki. Ukurasa ukanitaka niingize maneno yangu 12 ya siri, yale yanayofungua pochi. Nikaandika nane, roho ikasita, nikafunga. Kitufe cha kutuma sikukibonyeza.

Leo asubuhi hela bado ipo, na PIN nimeshabadilisha. Mdogo wangu anasema nimeokoka kwa sababu maneno hayakutimia na sikuyatuma. Ni kweli? Na ile sifuri imetoka wapi? Maneno yenyewe niliyapiga picha, yako kwenye simu. Naambiwa nifute, sasa nikifuta halafu simu ikapotea itakuwaje? Mume wangu naye anataka nibadilishe laini.

Halafu huyo mdogo wangu ameona kwenye grupu mtu ameanika maneno 12 ya pochi yake yenye USDT zaidi ya elfu tatu, anaomba asaidiwe kuzitoa. Anataka nimpe TRX ajaribu. Nimpe?

*Mama Viatu, Kariakoo*

JIBU

Mama Viatu, pochi hiyo ihesabu kuwa imeshaibiwa. Kinachosubiriwa ni mtu kuja kubeba. Hela ihame leo, si kesho ukishafunga duka.

Mdogo wako amekosea mara mbili. Kosa la kwanza ni hilo la kitufe. Ukurasa wa wavuti unaweza kunasa kila herufi wakati unaiandika na kuipeleka kwa mwenye ukurasa hapo hapo, na matapeli wanalijua hilo kuliko sisi. Kitufe cha kutuma kipo kukupa moyo tu. Kwa hiyo chukulia kwamba nane wanayo, tena kwa mpangilio wake.

Kosa la pili ni kudhani kwamba manne yaliyobaki ni mlima. Maneno ya pochi hayatoki hewani. Karibu pochi zote hutumia orodha moja ya maneno 2,048 ya Kiingereza, na orodha hiyo iko hadharani. Nafasi nne zilizo wazi zinatoa michanganyiko trilioni 17.6. Lakini ndani ya neno la mwisho kuna sehemu ya uhakiki, ambayo hukataa michanganyiko 15 katika kila 16, hivyo ya kujaribiwa hasa inabaki trilioni 1.1. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ya kawaida. Juni 2020 Alistair Milne aliweka bitcoin moja kama zawadi na akawa anatangaza maneno ya pochi hiyo moja baada ya jingine. John Cantrell alipokwisha kupata la nane hakungoja la tisa. Alikodi kompyuta zenye kadi za michoro, akajaribu michanganyiko zaidi ya trilioni moja kwa saa 30 hivi, akaichukua bitcoin. Mashine za leo zina kasi zaidi ya zile. Ungefika neno la kumi na moja, lingebaki neno moja lenye uwezekano wa maneno 128 tu, kazi ya sekunde.

PIN nayo haina msaada hapa. PIN inafunga programu iliyo kwenye simu yako, basi. Mwenye maneno haji kwenye simu yako. Anayaingiza kwenye simu yake na pochi inafunguka huko. Na hela kuwepo asubuhi hakumaanishi kwamba ya jioni itakuwepo. Wengine huacha makusudi, wanangoja ujaze ya mzigo.

Sasa kazi yenyewe. Mpangilio una maana, usiuruke.

Anza kwa kutengeneza pochi mpya, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Programu nyingi zina vitufe viwili vinavyofanana: kimoja cha kuongeza akaunti, kingine cha kutengeneza pochi mpya. Ukiongeza akaunti unapata anwani mpya, lakini imezaliwa na maneno yale yale 12, kwa hiyo mwizi ataiona pia. Dalili ya kuitambua ni rahisi: kama programu haijakuonyesha maneno 12 mengine kabisa, hiyo si pochi mpya. Kwa maelezo yako ulifungua ukurasa tu, hukutaja kupakua programu yoyote kwenye ile linki. Kama ndivyo, simu hiyo hiyo inafaa. Kama ulipakua chochote, tumia simu nyingine kwa kila kitu kuanzia hapa.

Yaandike maneno mapya kwa kalamu ya bik kwenye karatasi, kila neno na namba yake, kisha pitia zoezi la kuyahakiki ambalo programu yenyewe inakupa.

Baada ya hapo, na si kabla, tafuta TRX. Sita ulizonazo hazitoshi. Kutuma USDT kwenye Tron kunakula kitu kinachoitwa nishati, na usipokuwa nayo mtandao unakata TRX. Kutuma kwenda anwani ambayo tayari ina USDT kunagharimu nishati kama 65,000. Kutuma kwenda anwani ambayo haijawahi kushika USDT, kama hiyo yako mpya, kunagharimu kama mara mbili yake. Ukijaribu na TRX pungufu, muamala unaweza kufeli na TRX zikaliwa vilevile, hela ikabaki pale pale mwizi akiiona. Bei ya nishati hubadilika, kwa hiyo usipime kwa kijiko. Ingiza TRX 40 kutoka soko la sarafu unalonunulia, zije kwenye pochi ya zamani.

Nasema pochi mpya iwe tayari kwanza kwa sababu wapo wezi wanaoweka programu ya kuvizia pochi waliyoivunja: TRX ikiingia tu, inafagiliwa ndani ya sekunde. Zikiingia 40 ukaona zimetoweka bila wewe kugusa, usiongeze nyingine. Hapo umechelewa, na kila utakachoingiza unamlisha yeye.

Zikitulia, tuma USDT 5 kwenda anwani mpya. Tron hutoa bloku, yaani fungu la miamala, kila sekunde tatu, na muamala huthibitika kabisa ndani ya kama dakika moja. Ukiiona imefika, tuma zote zilizobaki, kisha TRX zilizosalia. Anwani mpya kila mara ichukue kwenye kitufe cha kupokea cha pochi mpya. Usiichukue kwenye orodha ya miamala. Sababu inakuja hapa chini.

Kesho, kabla mzigo mwingine haujalipwa, ingiza maneno ya kwenye karatasi katika simu nyingine unayoiamini, na uone kama anwani inayotokea ni ile ile. Hili halikuwa la leo kwa sababu leo unashindana na mtu, na ufunguo tayari uko ndani ya simu yako. Lakini lisivuke kesho. Karatasi yenye neno moja lililoandikwa vibaya hujulikana siku simu inapoanguka kwenye ndoo ya maji, na siku hiyo haina msaada tena. Ukishamaliza, ifute pochi hiyo kwenye simu ya pili. Na wote wanaokulipa wape anwani mpya. Kitakachoingia kwenye ile ya zamani si chako.

Kama kwenye ukurasa ule ulibonyeza pia kitufe cha kuunganisha pochi na ukakubali ombi lolote lililojitokeza, inawezekana umetoa ruhusa ya kuchota USDT bila maneno kuhitajika. Ruhusa hiyo imefungwa kwenye anwani ya zamani, kwa hiyo kuhama kunaimaliza. Anayetaka kubaki na anwani yake ndiye anayepaswa kuingia Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala yote ya Tron, sehemu ya ruhusa, na kuzifuta moja moja.

Tuje kwenye sifuri. Hukuituma, na haikuwa dalili kwamba pochi imevunjwa. Mkataba wa USDT, yaani programu inayoendesha sarafu hiyo kwenye mtandao, una amri inayomwezesha mtu kuhamisha sarafu kutoka anwani ya mwenzake, mradi mwenye anwani amempa ruhusa ya kiasi hicho. Wewe hukumpa mtu ruhusa, kwa hiyo kiasi chake ni sifuri. Yeye akaomba kuhamisha sifuri. Mkataba ukalinganisha, ukaona sifuri haizidi sifuri, ukakubali na kuandika kwamba kutoka anwani yako imetoka USDT 0. Hakuna kilichoibiwa. Alichokuwa anataka ni kupanda anwani yake kwenye orodha yako, ili siku ya kumlipa wakala uikopi hiyo kwa haraka. Ni ile “ile hela tuma kwenye namba hii” tuliyoizoea, ila hii haiji kwa meseji.

Kufanana kwake na ya wakala si bahati. Anwani ya Tron ina herufi na tarakimu 34 na ya kwanza ni T siku zote, kwa hiyo T haikuambii kitu. Kila nafasi ina alama 58 zinazowezekana. Kupata anwani ambayo alama nne za mwisho zinalingana na ya wakala wako, mtu anahitaji majaribio kama milioni 11.3 kwa wastani, na kompyuta ya kawaida yenye kadi nzuri ya michoro hilo hailioni kuwa kazi. Programu nyingi za simu nazo zinamsaidia, maana zinaonyesha mwanzo na mwisho na katikati zinaweka nukta.

Ukitaka kujua kwamba hili haliwapati wageni peke yao: Mei 2024, kwenye mtandao wa Ethereum, mtu mmoja alituma WBTC 1,155 (sarafu inayowakilisha bitcoin kwenye mtandao huo), wakati huo thamani yake ikipita dola milioni 68, kwenda anwani ya kupandwa namna hii. Na alikuwa ametuma jaribio dogo kwanza, likafika salama kwa mwenyewe. Tapeli akaliona, akapanda anwani inayofanana, na mwenye mali akaikopi hiyo kwenye orodha. Fedha zile zilirudishwa siku chache baadaye baada ya majadiliano ya hadharani. Usilitegemee hilo. Mwizi wa milioni 68 hana pa kujificha, wa elfu mbili anapo.

Kwa hiyo anwani ya wakala iweke kwenye kitabu cha anwani cha programu, kwa jina, na umtumie kutoka hapo tu. Siku ya kuiweka, mpigie simu kwa namba unayoijua siku zote, akusomee alama kumi za katikati kwa sauti, herufi kubwa na ndogo zikitajwa, kwa sababu Tron hutofautisha. Mkijikuta mnabishana kama ni sifuri au O kubwa, basi kuna aliyeandika vibaya: sifuri, O kubwa, I kubwa na l ndogo hazimo kabisa kwenye anwani za Tron. Akikuandikia WeChat kwamba amebadilisha anwani, mpigie tena. Akaunti za mawakala nazo huibiwa, na ujumbe wa kubadilisha anwani ndio wa kwanza kutumwa.

Kuna na USDT bandia, sarafu iliyopewa jina na nembo ile ile. Ya kweli kwenye Tron inatokana na mkataba mmoja: TR7NHqjeKQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t. Mtu akikulipa, bonyeza muamala Tronscan uone kama mkataba ni huo. Ni wa kulinganishia tu. Usitume hela kwenye anwani hiyo, haina mtu wa kukurudishia.

Picha ya maneno: futa, pia kwenye pipa la taka. Google Photos huhifadhi kilichofutwa siku 60 kama kilikuwa kimepelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukishahama picha hiyo ni ya pochi tupu, lakini ya pochi mpya isipigwe kamwe, wala usijitumie WhatsApp. Februari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa mtandao, walieleza kuhusu kirusi walichokiita SparkCat. Kilikuwa ndani ya programu zilizopatikana Google Play na hata App Store, kikiomba ruhusa ya kuona picha, kisha kikisoma maandishi yaliyomo na kutafuta maneno ya pochi. Mwenye simu hakuwa amebonyeza linki yoyote ya ajabu.

Hofu yako ya kupoteza simu ni ya haki, na dawa yake ni nakala mbili za karatasi katika nyumba mbili tofauti, kila moja kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, maana unyevu wa Dar unaijua kazi yake. Dukani isikae hata moja. Usidanganyike kukata karatasi vipande viwili vya maneno sita. Ikipotea nusu moja umepoteza vyote, na atakayeokota nusu nyingine umeshampunguzia safari kubwa. Hesabu ya maneno nane hapo juu inakuonyesha inavyokwenda. Mtu mmoja wa nyumbani ajue karatasi ilipo.

Kwenye simu bakiza hela ya mzigo mmoja. Ikianza kulala zaidi ya hapo, nunua kifaa cha pochi cha Ledger au Trezor. Vya bei ya chini havifiki dola 100. Agiza kwa mtengenezaji mwenyewe. Kikija na kadi ambayo maneno yamekwisha kuandikwa, usikitumie hata kama boksi lina gundi ya kiwandani: maneno halali huzaliwa kwenye skrini ya kifaa mbele yako, na aliyekuandikia anayo nakala.

Mdogo wako usimpe hata TRX moja. Aliyeanika maneno si mjinga, wala hana shida. Tron inaruhusu mwenye anwani kubadilisha idhini zake, hivi kwamba maneno yanafungua pochi na salio linaonekana, lakini kutuma kunahitaji saini ya anwani nyingine aliyonayo tapeli. Atakayetamani ataweka TRX za makato, USDT itakataa kutoka, na TRX atachukua mwenye saini. Mtego huo hula TRX 20 za huyu na 30 za yule, kutwa nzima. Akibisha, mwonyeshe ukurasa wa anwani hiyo Tronscan, sehemu ya idhini: ataikuta anwani nyingine imekaa kama mwenye mali. Na ukishasikika kwamba umewahi kutapeliwa, watakufuata wa kurejesha fedha kwa malipo ya awali. Hao ni duka lile lile, mlango wa nyuma.

Mume wako ana nusu ya hoja. Pochi haijui namba yako ya simu, kwa hiyo kubadilisha laini hakuilindi. Akaunti yako ya soko la kununulia ndiyo inaweza kuwa inategemea meseji za uthibitisho, na mtu akifanikiwa kupewa laini yenye namba yako atazipokea yeye. Kwa hiyo laini usiibadilishe. Badilisha uthibitisho wa soko uwe wa programu inayotoa namba za sekunde 30. Piga *106# uone kama kuna namba usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Ukifika ukute hela imekwenda, chukua namba ya muamala na anwani iliyopokea, uende polisi siku hiyo hiyo ukiwa na picha za mazungumzo ya Telegram. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu matapeli hao. Wakati huo huo wajulishe soko lolote ambalo Tronscan inaonyesha fedha zimeingia. Soko linaweza kuzuia akaunti, na Tether, kampuni inayotoa USDT, wenyewe wana uwezo wa kugandisha USDT kwenye anwani. Saa za kwanza ndizo zenye nafasi. Mazungumzo na yule wa inboksi usiyafute mpaka uwe umepiga picha, hasa jina lake la mtumiaji na ile linki, kisha mzuie.